Kusomea sayansi ya siasa si kusomea uheshimiwa: Mambo ambayo mzazi na mtahiniwa wa Pwani wanafaa kujua

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa na shirika la KUCCPS kufungua mtandao wake wa kuchagua kozi, nyumba nyingi hapa Pwani huingia katika mjadala. Kijana aliyepata C+ au zaidi ameshika simu, wazee wamemzunguka, kila mmoja na kozi yake mdomoni. Uuguzi. Ualimu. Uhandisi. Uanasheria. Kisha kijana anasema anataka sayansi ya siasa, na watu wote wananyamaza. Swali la kwanza huwa, "Kwani wataka kuwa mheshimiwa?" La pili ndilo zito zaidi: "Utaandikwa kazi wapi?"

Maswali yote mawili ni ya haki. Karo ya miaka minne si mchezo kwa nyumba inayotegemea uvuvi, mnazi, bodaboda au kibarua cha hotelini. Mzazi anayeuliza hamkatizi mwanawe ndoto, anataka kujua jasho lake linakwenda wapi. Makala haya yanaeleza kozi hii inafundisha nini, haifundishi nini, inampeleka mtu wapi, na kwa nini sisi wa Pwani tuna sababu ya pekee ya kutaka baadhi ya watoto wetu waisome, mradi waisome wakijua wanaloliendea.

Si darasa la kampeni

Tuanze na uheshimiwa. Sheria ya Uchaguzi humtaka anayewania urais au ugavana awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambulika nchini, lakini haisemi shahada ya somo gani. Daktari wa mifugo ana nafasi sawa na mhasibu. Ukiwatazama waliokalia viti hivyo tangu 2013, utawakuta mawakili, wahandisi, walimu na wafanyabiashara. Anayetaka kura hahitaji kozi hii, na anayeisoma kozi hii hafundishwi kuomba kura.

Anachofundishwa ni kuuliza maswali machache na kuyajibu kwa ushahidi. Nani ana uwezo wa kuamua jambo hili? Uwezo huo aliupewa na nani, na kwa sheria gani? Anatumia fedha za nani? Nani ananufaika na nani anaachwa nje? Na akikosea, nani anaweza kumzuia? Mwanafunzi wa udaktari huusoma ugonjwa ili aujue, si kwa sababu anaupenda. Huyu naye huyasoma mamlaka kwa namna hiyo hiyo.

Wengi wetu tulikua na usemi uliovuma enzi za Rais Moi, "Siasa mbaya, maisha mbaya." Ulitumika mara nyingi kuwanyamazisha watu. Katika darasa la sayansi ya siasa usemi huo hugeuka kuwa swali la mtihani: ni mambo gani hasa yanayoifanya siasa kuwa mbaya, na nchi zilizoitengeneza zilifanya nini?

Yanayosomwa darasani

Kozi huchukua miaka minne. Vyuo vingi huiweka ndani ya shahada ya sanaa, na vingine huiunganisha na utawala wa umma, kama ilivyo katika Idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Majina ya masomo hutofautiana chuo kwa chuo, lakini nguzo zake ni tano, na kila moja ina mfano hapa kwetu.

Nguzo ya kwanza ni nadharia ya siasa. Hapa ndipo wanaposomwa wanafalsafa kuanzia Plato na Ibn Khaldun hadi wanafikra wa karne ya 20 kama Julius Nyerere na Frantz Fanon. Swali kuu ni uhalali: kwa nini mtu atii sheria, na sheria isiyo ya haki inadai utiifu gani? Mtu wa Pwani hahitaji kwenda mbali kuona uzito wa swali hilo. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda wa mwambao alisajili, na jamii nyingi zilizokuwa zikimiliki ardhi kwa mila hazikupata cheti. Wajukuu wao leo huitwa maskwota katika mashamba waliyozikwa babu zao. Je, karatasi ndiyo haki? Mwanafunzi hufundishwa kujenga hoja ya upande wake na ya upande anaoupinga pia.

Ya pili ni siasa linganishi, yaani kuweka mifumo miwili kando kwa kando na kutafuta sababu ya tofauti. Mwaka 1963 Kenya ilipata uhuru na katiba ya majimbo, ambayo chama cha KADU chini ya Ronald Ngala kiliipigania. Kufikia mwisho wa 1964 KADU ilikuwa imevunjwa na kujiunga na KANU, na majimbo yalikuwa yamekufa. Kaunti zilizoanza kazi 2013 zingali hai. Tofauti ni nini? Mwanafunzi ataanza na fedha, ambazo serikali kuu ya wakati ule ilizikalia. Ataendelea na upinzani uliohamia serikalini. Kisha atafika kwenye kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010, kinachosema kuwa malengo, misingi na muundo wa ugatuzi havibadilishwi bila kura ya maamuzi. Kabla ya kumaliza atakuwa ameelewa kwa nini mtu anayetaka kudhoofisha kaunti leo hapiti mlango wa mbele. Hupitia kwenye bajeti.

Ya tatu ni mahusiano ya kimataifa. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyo The Hague iliamua kesi ya mpaka wa bahari iliyowasilishwa na Somalia mwaka 2014. Sehemu kubwa ya eneo lililozozaniwa ilikwenda Somalia, na Kenya ikaukataa uamuzi huo. Kwa msomaji wa Nairobi hiyo ilikuwa habari ya siku mbili. Kwa mvuvi wa Kiunga au Faza ni suala la mahali anapotupa nyavu na chombo cha nani kitamsimamisha. Mahakama isiyo na polisi inatekelezaje uamuzi wake? Swali hilo peke yake hujaza muhula mzima.

Ya nne ni utawala wa umma: jinsi ofisi zinavyofanya kazi, jinsi bajeti inavyotengenezwa na kukaguliwa, na kazi ipi ni ya nani. Chukua kivuko cha Likoni. Jedwali la Nne la Katiba limetaja feri na bandari miongoni mwa kazi za uchukuzi za kaunti, isipokuwa udhibiti wa safari za meli za kimataifa na kitaifa. Lakini feri za Likoni zimeendelea kuwa mikononi mwa mashirika ya serikali kuu. Feri inapokwama asubuhi na maelfu ya watu wakakaa juani, gavana huitupia lawama serikali kuu na wananchi humlaumu gavana. Mwanafunzi wa utawala wa umma hujifunza kufungua sheria na bajeti ili aone nani hasa anapaswa kujibu.

Ya tano ni mbinu za utafiti, na hapa ndipo vijana wengi hushtuka. Wanakuja wakidhani wameikimbia hesabu, wanakutana na takwimu. Watajifunza kwa nini kura ya maoni iliyowahoji watu 1,000 waliochaguliwa vizuri inaweza kutoa picha ya nchi nzima kwa tofauti ya takriban asilimia 3 juu au chini, na kwa nini kura ya watu 50,000 waliobofya wenyewe mtandaoni inaweza isitoe picha yoyote. Nguzo hii hukimbiwa na wengi, nayo ndiyo inayoleta ajira kuliko zote, kama tutakavyoona.

Asilimia 15 ya nini?

Tuchukue jambo moja tuone kozi hii inavyofanya kazi. Wengi tunajua kuwa Katiba inazipa kaunti zote 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wachache huuliza: asilimia 15 ya mapato yapi?

Kifungu cha 203 kinajibu. Kiasi hicho hukokotolewa kutokana na hesabu za mapato za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Si mapato ya mwaka huu. Tuseme taifa limekusanya shilingi 100 mwaka huu, lakini hesabu za mwisho kupitishwa na Bunge ni za miaka kadhaa nyuma, zilipokuwa shilingi 70. Asilimia 15 ya 70 ni shilingi 10 na senti 50. Bunge likichelewa kuidhinisha hesabu, kiwango cha chini cha kaunti hubaki nyuma ilhali bei za dawa, mafuta na mishahara zinakwenda mbele.

Ndiyo maana kila mwaka utasikia serikali kuu ikitamba kuwa imezipa kaunti zaidi ya asilimia 20, na magavana wakilia kuwa fungu lao linapungua. Msikilizaji hudhani mmoja wao ni mwongo. Huenda wote wanasema kweli, ila mmoja anapima kwa hesabu za zamani na mwingine kwa makusanyo ya leo. Baada ya hapo fungu la kaunti hugawanywa kati ya kaunti kwa kanuni ambayo Seneti huipitisha kila baada ya miaka 5, baada ya kupokea mapendekezo ya tume ya CRA. Idadi ya watu ikipewa uzito zaidi, kaunti yenye watu wengi huvuna. Umaskini na ukubwa wa eneo vikipewa uzito, Tana River hupata afueni. Hivyo seneta wa Lamu asiyejua hesabu ya kanuni hiyo anaweza kuipigia kura huku akiwaumiza watu wake.

Kuna pia hazina ya usawazishaji ya kifungu cha 204, nusu ya asilimia moja ya mapato, iliyowekwa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tume ya CRA ilipotoa orodha yake ya kwanza ya kaunti 14, kaunti 5 kati ya 6 za Pwani zilikuwamo: Kilifi, Kwale, Lamu, Taita Taveta na Tana River. Katika miaka ya mwanzo fedha hizo zilichelewa mno kufika mashinani. Ni wangapi kati yetu waliojua kuwa kuna fedha za kudai?

Hapo ndipo penye hasara ya Pwani. Malalamiko tunayo tele, na mengi ni ya kweli. Tulichopungukiwa ni watu wa kuyageuza kuwa hoja yenye kifungu cha sheria, tarakimu na tarehe. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwananchi akijitokeza Juni kuulizia zahanati yake, mlango umeshafungwa. Mtu mmoja kijijini anayeijua kalenda hiyo ana faida kuliko mikutano kumi ya kulalamika.

Na hoja iliyopangwa vizuri huzaa matunda. Agizo la 2019 lililotaka mizigo ya bandari ya Mombasa isafirishwe kwa reli ya SGR liliwatoa watu barabarani, lakini pia lilipelekwa mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kuwa lilikiuka Katiba, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba umma haukushirikishwa.

Mombasa ilishatoa bingwa

Wanaodhani taaluma hii si ya watu wetu wakumbushwe kuwa mmoja wa mabingwa wake wakubwa barani alizaliwa Mombasa. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa 1933, mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin Mazrui, hakufaulu vizuri katika mtihani wake wa sekondari, na Makerere haikumchukua. Alifanya kazi katika taasisi ya MIOME, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kabla ya kupata nafasi ya kusoma Uingereza. Alisomea Manchester, kisha Columbia kule Marekani, na akapata uzamifu Oxford. Makerere iliyomkataa akiwa kijana ilikuja kumpa uprofesa na idara ya sayansi ya siasa aiongoze.

Aliondoka Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin na kufundisha Marekani kwa miongo mingi. Mfululizo wake wa televisheni wa 1986, The Africans: A Triple Heritage, uliieleza Afrika kwa macho ya mtu aliyekulia penye mila za Kiafrika, Uislamu na athari za Magharibi, yaani Mombasa. Alifariki 2014 na kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Si kila anayeichukua kozi hii atakuwa Mazrui. Lakini maisha yake yanaonyesha kuwa kukulia Pwani ni mtaji katika somo hili.

Ajira: ukweli bila sukari

Sasa swali la pili la mzazi. Jibu la haki ni hili: shahada ya sayansi ya siasa haikupi leseni. Muuguzi akimaliza ana baraza la kumsajili, na mwalimu ana tume ya TSC. Huyu hana. Na atahadhari jambo moja ambalo huwaumiza wengi: hakuna somo liitwalo sayansi ya siasa katika shule za sekondari. Lililo karibu ni Historia na Serikali. Kwa hivyo shahada hii peke yake haimpeleki mtu darasani kufundisha. Anayetaka ualimu achukue shahada ya elimu tangu mwanzo. Wala si njia ya mkato ya uanasheria, maana shahada ya sheria ni nyingine kabisa.

Milango iliyopo ni hii. Katika serikali za kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliunda wasimamizi wa kaunti ndogo na wadi, na kuna idara za mipango, bajeti na elimu ya uraia. Mabunge ya kaunti yana makarani wa kamati na watafiti. Serikali kuu ina maafisa tawala, wizara ya mambo ya nje na tume huru kama IEBC. Mashirika ya haki za binadamu, ambayo Mombasa inayo mengi, huajiri watafiti na maafisa wa miradi. Kuna vyombo vya habari, kampuni za utafiti wa maoni na mashirika ya kimataifa.

Milango hiyo ina foleni ndefu, na wanaopita huwa wamebeba kitu cha ziada. Cha kwanza ni takwimu: anayeweza kupanga utafiti, kukusanya data na kuichambua kwenye kompyuta humwacha mbali mwenzake aliyekariri nadharia tu. Cha pili ni uandishi, hasa ripoti fupi inayoeleweka na mtu mwenye dakika 10. Cha tatu ni lugha. Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Kijana wa Pwani anayekiandika kwa ufasaha, akaongeza Kifaransa au Kiarabu, ana silaha ambayo wengi hawana. Cha nne ni mazoezi ya kazi, na hayahitaji kungoja mwaka wa tatu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kufanya vikao vyake hadharani. Mwanafunzi aliye likizoni Kwale au Hola anaweza kuketi kwenye jukwaa la wageni, akafuatilia mswada mmoja tangu mwanzo hadi mwisho na kuuandikia ripoti. Ripoti hiyo atakwenda nayo kuomba nafasi ya mafunzo.

Kabla ya kubofya

Kwa mtahiniwa na mzazi, yako mambo ya kupima kabla ya kufanya uamuzi.

Soma orodha ya masomo ya kila mwaka katika chuo unachokitaka, si jina la kozi tu. Chuo kinachofundisha takwimu na bajeti katika kozi yake kina manufaa kuliko chenye jina kubwa kisichofundisha hayo. Tazama pia kama kinakuruhusu kuoanisha siasa na uchumi, sosholojia au mawasiliano. Uchumi ukiwezekana, uchukue.

Hakikisha unajua gharama halisi. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze 2023, kiasi ambacho familia hulipa kimetegemea jinsi hali yake ya kiuchumi ilivyopimwa, na mfumo huo umepingwa mahakamani na kurekebishwa. Ulizia kiwango cha mwaka wako, na ujaze fomu ya HELB kwa ukweli na mapema. Ongeza kodi ya nyumba na chakula, maana kwa mtoto wa Garsen au Taveta hivyo vinaweza kuzidi karo.

Kwa wenye watoto walio chini ya mfumo wa CBE, uamuzi huja mapema zaidi. Sekondari ya juu, iliyopokea kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 Januari 2026, ina mikondo mitatu, na sayansi ya jamii ni mmojawapo. Mtoto anayependa masuala ya utawala na anaelekea huko asiiache hesabu kwa furaha. Atakutana nayo tena chuoni.

Mwisho, mpime mtoto mwenyewe. Mpe bajeti ya kaunti yenu, kurasa 20 tu, na muulize baada ya wiki ameona nini. Akirudi na maswali, kwamba fedha za kisima cha kijiji chetu zilipangwa lakini hazikutumika, basi huyo ana moyo wa kazi hii na anastahili kuungwa mkono. Akirudi akisema alichoka ukurasa wa tatu, lakini bado anataka kozi kwa sababu anapenda kuhutubia, mshaurini taratibu atafute nyingine. Mikutano ya hadhara haijawahi kukosa wahutubu hapa Pwani, ila wa kuisoma bajeti ni haba.